Picha ya Bahari Katika Nyumba ya Migato

Migato haina bahari. Iko katika Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule ulioanzishwa Mkoa wa Simiyu. Na mtu anayetoka huko kwenda Dar es Salaam kwa basi hukata zaidi ya kilomita elfu moja kabla hajasikia harufu ya maji ya chumvi. Maji wanayoyajua wakazi wake ni ya mito inayofurika masika na kukauka kiangazi, ya malambo ya kunyweshea ng'ombe na, kwa wale waliopata kusafiri, ya Ziwa Viktoria. Hata hivyo si ajabu kuingia katika nyumba ya bara namna hiyo, ukakaribishwa kiti, ukainua macho na kukuta ukutani jahazi limetweka tanga, minazi imeinama upande mmoja, na jua jekundu linazama nyuma yake.

Picha za namna hiyo zimo pia katika nyumba za wafanyakazi wa Mwanza, Tabora, Morogoro na Dar es Salaam yenyewe. Zimo katika kalenda, katika vitambaa vya ukutani, katika kinyozi na katika mgahawa. Lakini ndugu msomaji atakuwa ameona kwamba siku hizi imezuka aina moja yenye sura ya pekee. Rangi zake zimefifishwa kwa makusudi. Karatasi yake ina wekundu wa hudhurungi kama iliyokaa miaka mingi sandukuni. Na chini yake pameandikwa kwa herufi za kizamani jina la mji: Zanzibar, Lamu, Mombasa, Bagamoyo. Ukiitazama wadhani ni kadi ya posta aliyoipokea babu yako. Ukiuliza, waambiwa imechapwa mwaka huu.

Watengenezaji wa picha hizo, aghalabu, si wachoraji waliozoea brashi na turubai. Ni wabunifu wa michoro: watu waliokuwa wakipanga kurasa za vitabu, nembo za maduka, matangazo ya sabuni na vibandiko vya chupa, kisha wakaiacha kazi ya kuajiriwa, au wakaifanya mchana na hii usiku, na kujiita wasanii. Malighafi yao ni picha za kamera. Wengine huzipiga wenyewe; wengine huzitoa katika albamu za wazee; na wapo wanaozichukua popote wanapozikuta. Jumapili hii tuizungumze kazi hiyo: inafanywaje, imetoka wapi, na ina deni gani kwa jamaa zetu waliomo ndani ya picha hizo.

KAZI YENYEWE

Picha ya kamera huwa na rangi na vivuli visivyohesabika. Kazi ya kwanza ya mbunifu ni kupunguza. Huchagua rangi 4, 5 au 6 tu, na kila kilichomo katika picha hulazimishwa kuingia katika mojawapo: mbingu moja, bahari moja, ukuta wa chokaa mmoja, kivuli kimoja. Uso wa mtu hubaki madoa mawili matatu, lakini madoa hayo yakiwekwa panapostahili humtambua mtu kwa mbali.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Msanii aliweka karatasi nyepesi juu ya picha na kufuatisha mistari. Au alipiga miraba juu ya picha ndogo, akapiga miraba mikubwa kwenye ubao, na kuhamisha mchoro mraba kwa mraba, kama wafanyavyo hadi leo waandika vibao vya maduka. Ilipofika kuchapa, kila rangi ilihitaji fremu yake iliyowambwa kitambaa chembamba. Pale ambapo rangi haikutakiwa kitambaa kilizibwa, na pale ilipotakiwa rangi ilisukumwa ikapenya. Rangi 5, fremu 5, na karatasi moja kupita mara 5 bila kuteleza hata upana wa uzi. Leo kompyuta hufanya sehemu kubwa ya jasho hilo, lakini haichagui. Ipi iwe rangi ya bahari ya Lamu alfajiri, na kipi kiachwe ili kingine kionekane, hayo bado ni ya jicho na akili ya mtu.

Mtindo wenyewe wa kizamani nao una asili yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 makampuni ya reli na ya meli huko Ulaya yalitumia mabango ya rangi chache kuwavuta wasafiri waende pwani. Mfaransa Roger Broders alichora pwani za kusini mwa Ufaransa kwa ajili ya kampuni ya reli, na mabango yake yangali yanaigwa hadi leo. Uchache wa rangi katika mabango hayo ulitokana na gharama na mtambo. Kila rangi iliongeza kazi na fedha. Kilichokuwa ufinyu wa fundi wa jana kimekuwa urembo wa msanii wa leo.

SI JAMBO GENI KWETU

Asidhani mtu kwamba kuichukua picha ya kamera na kuifanyia ufundi ni jambo lililoletwa na kompyuta. Kamera ilitangazwa rasmi Paris mwaka 1839, na kabla ya karne hiyo ya 19 kwisha Zanzibar ilikuwa na studio zake. Iliyovuma sana ni ya A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, ambaye picha zake za mji, bandari na watu zilifanywa kadi za posta zilizosafiri dunia nzima. Kadi nyingi za zama hizo zilichapwa Ulaya, na rangi zilipakwa juu ya picha nyeusi na nyeupe na watu ambao aghalabu hawakuwahi kuiona pwani yetu. Ndiyo sababu katika baadhi ya kadi hizo bahari ni ya kijani kama mboga, na kanga ya mwanamke imepewa rangi ambayo fundi aliibuni mezani pake.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio yake katika Mji Mkongwe, akaiita Capital Art Studio. Na mwanawe, Rohit, akairithi kazi hiyo. Vizazi vya watu wa Unguja vimepita mbele ya kamera ya nyumba hiyo: maharusi, watoto wa shule, wafanyakazi waliotaka picha ya kupeleka kwao. Sultani alipigwa picha na studio hiyo, na Mapinduzi ya mwaka 1964 yalipofika kamera ileile iliendelea na kazi.

Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Huyu alijifunza mwenyewe. Katika studio yake hakuridhika na kuchukua sura ya mtu na kuirudisha kama ilivyo. Alikata, akapachika, akaunganisha, hata uso wa mteja ukatokea katikati ya maua na mapambo ambayo kamera haikuyaona. Alifanya hivyo kwa mkasi, gundi na subira, ndani ya chumba cha giza, katika mji wenye watu wengi walioona haya kuweka sura zao hadharani. Leo picha zake zinatajwa na wataalamu wa sanaa wa nchi za mbali. Mimi naona huyo ndiye babu halali wa wabunifu wetu wa leo.

Tena wapo wapiga picha wa Likoni, Mombasa, karibu na kivuko. Katika miaka ya 1990 walijenga vibanda vyao kando ya njia, na nyuma ya kila kibanda wakatundika pazia lililochorwa meli, ndege, minazi na majumba marefu. Wateja wao walikuwa hasa watu wa bara waliofuata kazi pwani. Mtu alisimama mbele ya meli ya rangi akiwa amevaa shati lake bora, akapigwa picha, akaituma nyumbani. Bahari halisi ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Lakini aliyoitaka ni ile iliyochorwa, kwa kuwa ndiyo iliyosema yote aliyotaka kusema: nimefika, niko salama, msiwe na wasiwasi juu yangu. Picha za namna hiyo ndizo zilizoiingiza bahari katika nyumba zisizo na bahari. Anayeicheka picha ya jahazi iliyo ukutani Migato hajajiuliza ni nani aliyeileta na alikuwa amekwenda kutafuta nini.

PAMBA NA KANGA

Watu wa Simiyu wana sababu nyingine ya kuifahamu kazi hii. Mkoa wao ni wa pamba, na kwa muda mrefu pamba ya Usukuma imekuwa ikisafiri kwenda kurudi kama kitambaa. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa Uchina na kufunguliwa mwaka 1968, kilikuwa mojawapo ya vile vilivyozigeuza nyuzi kuwa kanga na vitenge. Na katika kila kiwanda cha kuchapa nguo palikuwa na chumba cha wabunifu.

Hebu itazame kanga au kitenge cha ukumbusho chenye sura ya kiongozi. Sura ile ilianza kama picha ya kamera. Mtu fulani, ambaye jina lake halikuchapwa popote, aliketi akaipunguza ikawa rangi 2 au 3, akaizungushia duara, akapanga pindo na mji, akahakikisha kwamba nguo ikishafungwa kiunoni uso haukatiki katikati. Hiyo ni kazi ileile ya msanii wa mabango ya pwani. Tofauti ni kwamba mmoja alilipwa mshahara na kusahauliwa, na mwingine hutia sahihi chini ya karatasi na kuuza kwa bei ya sanaa. Mbunifu anayeiacha meza ya kiwanda au ya ofisi na kusimama kwa jina lake mwenyewe ameidai heshima ambayo wenzake waliotangulia hawakuipata. Hilo ni la kupongezwa.

Wala picha ya ukutani si ngeni kwa Wasukuma. Hans Cory, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1953, alieleza michoro iliyokuwa katika kuta za nyumba za chama cha wacheza nyoka. Michoro ile ilikuwa ya mafundisho, na haikuwekwa mbele ya kila mpita njia. Wale mafundi walijua jambo ambalo sisi wa leo tunalisahau, kwamba picha ina wenyewe, na kwamba si kila picha ni ya kila jicho.

UKALE WA KWELI NA UKALE WA KUBUNI

Msanii anayeazima sura ya zamani anaazima pia imani ya mtazamaji. Mtu akiona karatasi ya hudhurungi husema moyoni, hivi ndivyo palivyokuwa. Hapo ndipo hatari ilipo, nami nawaomba wanunuzi wawe na macho makali kidogo.

Tuanze na jua. Katika pwani ya bara, kama Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga, bahari iko mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama upande wa nchi kavu. Mji Mkongwe wa Zanzibar umeelekea magharibi, na huko jua huzama majini kweli. Basi picha iliyoandikwa Bagamoyo na kuonyesha jua likizama baharini imetungwa na mtu aliyepigia picha kwingine, au asiyejua alichokuwa akitazama.

Tutazame vyombo. Jahazi si ngalawa, na ngalawa si mtepe. Ngalawa ni gogo lililochongwa, lenye mbao mbili za pembeni za kuizuia isipinduke. Jahazi ni chombo kikubwa cha mbao cha shehena. Mtepe, ulioshonwa kwa kamba bila msumari, ulitoweka katika maji yetu mapema katika karne ya 20. Anayeuweka mtepe bandarini kando ya gari la miaka ya 1960 amechanganya kaburi na arusi.

Yapo na makosa ya kugeuza picha kushoto kulia ili mpangilio upendeze. Kanga humfichua mara moja mwenye kufanya hivyo, maana jina lake husomeka kinyume. Milango nayo hushuhudia. Milango ya Mji Mkongwe ina koo zake: ile ya mtindo wa Kiarabu, yenye kizingiti kilichonyooka, na ile ya mtindo wa Kihindi, yenye upinde juu. Kuuondoa mlango mmoja na kupachika mwingine kwa sababu una nakshi zaidi ni sawa na kumvika mtu sura ya jirani yake.

Kubwa zaidi ni lile la kufuta. Wasanii wengi wa mtindo huu huanza kazi kwa kuondoa nyaya za umeme, pikipiki, vibao vya maduka na, mara nyingine, watu wenyewe, wakabakiza ukuta, mlango na paka. Wanasema wanausafisha mji. Lakini nyaya hizo si uchafu ulioingia juzi. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, linasifika kuwa jengo la kwanza Zanzibar kupata taa za umeme. Waya, basi, ni sehemu ya historia yake kama zilivyo nguzo na roshani. Na mchukuzi aliyesimama kizingitini akisubiri mzigo ni sehemu ya historia hiyo kuliko waya na nguzo pamoja. Mji usio na wafanyakazi haukupata kuwapo. Picha inayowafuta inamfundisha mtoto wetu kwamba majumba yale yalijijenga yenyewe na kujipaka chokaa.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka wakati wa kazi ya ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu saa ile picha za zamani za jumba hilo ziliacha kuwa mapambo tu. Fundi anayetaka kurudisha nguzo mahali pake huhitaji kuiona ilivyokuwa. Katika saa kama hiyo picha ya kamera, hata ikiwa mbovu, ni shahidi. Bango la msanii, hata likiwa zuri, si shahidi. Yote mawili yana nafasi yake, maadamu hayachanganywi. Msanii mwaminifu huandika nyuma ya kazi yake: imetokana na picha ya mahali fulani, ya mwaka fulani, na haya na haya nimeyabadili. Mistari miwili yatosha.

PICHA NI YA NANI?

Sasa tufike kwenye deni nililolitaja mwanzoni. Picha ya kamera huwa na watu wawili wenye dai juu yake: aliyepiga na aliyepigwa.

Kwa upande wa aliyepiga, sheria zipo. Tanzania Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na COSOZA yake. Picha ya kamera imo katika kazi zinazolindwa. Kwamba umeibadilisha rangi hakukupi kuimiliki.

Dunia nzima ilifundishwa somo hilo upya hivi karibuni. Mmarekani Andy Warhol alikuwa mbunifu wa matangazo mjini New York, akichora viatu kwa ajili ya wenye maduka. Kisha akawa msanii mashuhuri kwa kuchukua picha za kamera na kuzichapa kwa rangi kali kupitia kitambaa. Mwaka 1981 mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida moja lilipata ruhusa ya kuitumia picha hiyo mara moja tu, ili Warhol aitumie kuchorea. Yeye akatengeneza kazi 16. Prince alipofariki mwaka 2016, nyingine katika hizo ikachapwa kwenye jalada la gazeti la ukumbusho. Taasisi iliyorithi kazi za Warhol ikalipwa, na mpiga picha asipewe hata senti. Shauri lilifika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwezi wa Mei 2023 majaji 7 dhidi ya 2 walimpa haki Goldsmith. Ikiwa jina kubwa kama la Warhol halikutosha kuifunika haki ya mpiga picha, sembuse la kijana aliyenunua kompyuta mwaka jana.

Kwa upande wa aliyepigwa, mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa yake haiko mahakamani. Iko katika adabu zetu. Zile kadi za zamani za Zanzibar zimejaa wanawake na wanaume waliosimama studio, na chini yao hapakuandikwa jina bali kabila au kazi: msichana wa Kiswahili, mchukuzi, mtumishi. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Kwa hiyo katika wale waliosimama mbele ya kamera za karne ya 19 wamo ambao hawakuwa na hiari ya kukataa. Msanii wa leo anayemchukua mmoja wao, akampaka rangi ya chungwa na kumuuza kwa mgeni wa hotelini, anamfanyia mara ya pili kile alichofanyiwa mara ya kwanza: sura inauzwa, jina halitajwi, na fedha inakwenda kwingine.

Zipo pia picha za nyumbani. Familia nyingi za pwani zina picha za bibi na mama zilizopigwa ndani, wakiwa wamejipamba kwa ajili ya macho ya jamaa tu. Picha hizo zilihifadhiwa sandukuni kwa sababu ya sitara, wala hakuna aliyezionea aibu. Mjukuu anayemkabidhi mbunifu albamu ya namna hiyo bila kuwauliza wakubwa wake, na mbunifu anayeipokea bila kuuliza imetoka wapi, wote wawili wamefungua mlango usio wao. Bibi huyo pengine amekwisha fariki na hawezi kusema hapana. Hiyo si ruhusa.

Sisemi picha za zamani zifungiwe. Nasema msanii aulize maswali matatu kabla hajaanza kazi: huyu ni nani, nani aliipiga, na nani wa kuombwa ruhusa. Akipata majibu, kazi yake huwa na uzito ambao rangi peke yake haiwezi kuuleta. Akiyakosa, yako mengi ya kufanyia kazi: mlango, chombo, soko, mnazi, au achukue kamera aende mwenyewe, aongee na watu, awapige kwa hiari yao, na awapelekee nakala yao.

DAFTARI LA NYUMBANI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo wahusu picha kama unavyohusu duka. Katika nyumba zetu nyingi, mjini na vijijini, mna bahasha au mfuko wa plastiki wenye picha ambazo ni mtu mmoja tu anayewajua waliomo. Naye ni mzee. Siku akiondoka, watu wote wale wanageuka wageni. Huo ndio mwanzo wa picha isiyo na jina, ile ambayo kesho itakuwa malighafi ya yeyote.

Basi fanyeni hivi. Keti na mzee huyo, picha moja baada ya nyingine, na nyuma ya kila moja andika kwa kalamu ya risasi, bila kukandamiza: majina, mahali, mwaka, na kama inajulikana, jina la studio. Msitumie kalamu ya wino, maana wino huvuja hadi upande wa pili. Msizibandike kwa gundi kwenye albamu. Ziwekeni mahali pakavu, mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na sakafu inayofikiwa na mchwa. Picha iliyo ukutani isielekee dirisha lenye jua.

Jueni pia kwamba picha nyeusi na nyeupe za zamani ni imara kuliko nyingi za rangi. Sura ya ile ya zamani imeshikwa na chembe za madini ya fedha. Na zile za hudhurungi halisi zilitiwa salfa na fundi, hata zikazidi kudumu. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimeshikwa na rangi za kemikali, na katika nyingi rangi ya samawati ndiyo hutangulia kufa. Ndiyo sababu picha za arusi za wakati huo zimegeuka nyekundu hata zikikaa gizani. Hizo zisisubiri. Zipigeni nakala kwa simu yenye kamera nzuri, kivulini, mchana, bila mwanga wa kumulika. Au zipelekeni studio yenye mashine ya kunakili. Nakala iwe kwa ndugu wawili watatu, si katika simu moja itakayoanguka majini.

Kisha, mkitaka, mtafuteni mbunifu. Mwambieni awatengenezee picha ya ukutani kutokana na ile ya babu akiwa kazini bandarini, au ya mama siku alipofika mjini. Kubalianeni kwa maandishi: nakala ngapi, na je, anaweza kuwauzia wengine au hawezi. Mtakuwa mmempa kazi halali, na kuta zenu zitapambwa na watu mnaowajua.

Na kwa vijana wa Migato, Bariadi na Itilima nzima wenye kipawa cha kuchora, nasema hivi: bahari ya wengine ni nzuri, lakini magunia ya pamba yaliyopangwa siku ya ununuzi, mkokoteni wa ng'ombe chini ya mbuyu, na shangazi aliyesimama mbele ya pazia la studio ya Bariadi akiwa na saa mpya mkononi, vyote hivyo vinasubiri rangi 5 na jicho la mtu anayevifahamu. Atakayekuja kutoka mbali kuvichora atakosea jua linazama wapi. Ninyi hamtakosea. Ulizeni majina, yaandikeni, kisha mwanze kazi.